Mdogo wangu anaidai ile dawa iliyompa nguvu. Je, arudishiwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 26, anaishi na mimi Morogoro pamoja na mwanawe wa miezi kumi. Baada ya kujifungua alipatwa na sonona: analia, analala mchana kutwa, mtoto hataki hata kumshika. Kituo cha afya walimpa dawa ya sonona, fluoksetini ya miligramu 20. Wiki mbili za kwanza hatukuona kitu. Wiki ya tatu akaamka mtu mpya, anaimba, anapika, tukamshukuru Mungu. Siku chache baadaye akawa halali kabisa, akakopa vikoba akanunua marobota matatu ya mitumba, akamtukana mama mbele za watu. Hospitali wakasema ni bipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Wakasimamisha fluoksetini, wakampa sodiamu valproeti na olanzapini, akatulia. Olanzapini waliiondoa baadaye kwa sababu alinenepa sana. Sasa amezama tena, chini kuliko mara ya kwanza, na kila siku anasema: "Nirudishieni ile dawa, ndiyo iliyoniponya." Duka la dawa la hapa mtaani wako tayari kutuuzia. Tena tuna binamu yetu Mwanza ana bipola na anameza hiyo hiyo fluoksetini bila shida. Dawa ya sonona ni sumu kwa mtu wa bipola au siyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa mzigo huo.

Nianze na la haraka. Msimnunulie fluoksetini dukani. Siyo kwamba ni sumu. Ila mtu ambaye tayari ilimpandisha mania, yaani ile hali ya kupanda kupita kiasi, haanzishiwi tena na muuza duka, wala na dada yake, wala na mimi ninayemsoma kwa maandishi. Lakini pia msikae mkingoja hali ipite yenyewe. Kutulia si kupona. Waliomtibu mania walifanya kazi yao, ila sonona iliyofuata ni ugonjwa unaotaka tiba yake, na ni wazi kwamba valproeti peke yake haijatosha. Mdogo wako ana haki ya kudai tiba. Dawa aliyoitaja ndiyo yenye mgogoro.

Turudi kwenye ile wiki ya tatu, maana swali lenu lote limejificha hapo. Mlishangilia, na familia yoyote ingeshangilia. Mtu aliyekuwa hainuki kitandani anaimba jikoni, nani atasema huu ni ugonjwa? Ila nafuu ya kweli ya sonona huja kwa kusuasua. Usingizi unatengemaa kidogo, hamu ya chakula inarudi, mgonjwa anaanza kuoga bila kuambiwa, na moyo wake mara nyingi ndio unaochangamka mwisho. Leo yuko vizuri, kesho karudi nyuma, keshokutwa kasogea tena. Na usiku unapoingia anachoka kama watu wengine na analala. Anayetoka shimoni akapitiliza hadi juu ndani ya siku tatu nne huyo hajapona, amevuka upande wa pili.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni usingizi. Mwenye sonona asipolala, asubuhi yu hoi. Mwenye mania asipolala, asubuhi ana nguvu kukuzidi wewe uliyelala usiku kucha. Ukiona mtu analala kwa muda wa saa mbili tu, siku tatu mfululizo, na bado ana mipango kumi kabla ya chai, usingoje marobota ya mitumba. Mwahishe hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu kuna upande wake yeye. Anaposema ile dawa ilimponya, hadanganyi. Zile siku za mwanzo za kupanda, kabla hazijaharibika, wagonjwa wengi huziita siku bora za maisha yao: akili nyepesi, mwili mwepesi, aibu na uchovu vimeondoka. Ukibishana naye kwamba "hukupona, uliumwa zaidi", atakuona mchawi. Mwambie hivi: "Nakumbuka ulivyofurahi, nami nataka furaha irudi, ila tutafute itakayobaki." Hayo ni maneno ya kweli, na anaweza kuyasikia hata akiwa chini.

Sasa dawa yenyewe. Tangu imipramini, dawa ya zamani ya sonona, ilipoanza kutumika Uswisi miaka ya 1950, madaktari waliona baadhi ya wagonjwa wa sonona wakiinuka na kupitiliza hadi mania. Dawa za sonona zinasukuma juu, na katika bipola kilicholegea ni kile kinachozuia mtu asipitilize, juu na chini. Kumpa mgonjwa wa namna hiyo dawa ya sonona peke yake ni kupandisha tanga kwenye jahazi lisilo na farumi, ule uzito wa chini unaolituliza. Upepo ukija, litakwenda kasi kweli, kisha litalala ubavu.

Hili limepimwa. Watafiti wa Sweden walipitia kumbukumbu za wagonjwa 3,240 wa bipola walioanzishiwa dawa ya sonona, wakatoa matokeo mwaka 2014. Walioimeza bila dawa ya kudhibiti hisia, kama hiyo valproeti, hatari yao ya kupata mania katika miezi mitatu ya kwanza ilikaribia mara tatu ya ilivyokuwa kabla ya kuanza. Waliokuwa tayari wanameza dawa ya kudhibiti hisia, hatari haikuongezeka katika miezi hiyo. Kwa hiyo mkiuliza "ni sumu au siyo", mnaruka swali linalotangulia: anaimeza pamoja na nini?

Mdogo wako alipoanza hakuwa na kinga yoyote. Siwezi kumhukumu aliyemwandikia, simjui, na mama aliyejifungua akija analia kila mtu huona sonona ya uzazi tu. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa wa magonjwa ya akili uko wazi: kabla ya kumpa mtu dawa ya sonona, muulize kama amewahi kuwa na kipindi cha mania, na mgonjwa wa bipola usimpe dawa ya sonona peke yake. Kuuliza ni dakika mbili. Je, umewahi kuwa na siku kadhaa ambazo ulilala kidogo sana na hukuchoka? Watu walikuambia unaongea mno, unatumia fedha ovyo? Kwenu kuna ndugu aliyewahi kuugua hivyo? Nyinyi mna binamu mwenye bipola. Jibu la swali hilo la tatu lingebadilisha cheti chote. Pia wakati wa baada ya kujifungua ni wa hatari kuliko wakati mwingine wowote kwa mwanamke mwenye bipola, hata ambaye hajajua kama anayo. Sonona inayoanza kabla ya miaka 25, inayorudi mara nyingi, inayokuja na kulala mno, au inayomfanya mtu asikie sauti, hiyo nayo huniweka macho.

Lakini msinielewe kwamba tukishaweka kinga basi dawa ya sonona itafanya maajabu. Mwaka 2007 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 366 wenye sonona ya bipola. Wote walikuwa kwenye dawa za kudhibiti hisia. Nusu wakaongezewa dawa ya sonona, nusu nyingine wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Waliopata nafuu iliyodumu walikuwa asilimia 23.5 kwa waliopewa dawa na asilimia 27.3 kwa waliopewa kidonge kitupu. Yaani dawa haikuongeza kitu. Mania nayo haikuzidi upande wowote. Madaktari wengi tulipokea matokeo yale kwa uchungu, kwa sababu dawa hizi ndizo tulizozoea kuandika na ndizo zilizopo kwenye rafu.

Kwa hiyo binamu yenu wa Mwanza ni muujiza? Hapana. Kuna kundi la wagonjwa ambao dawa ya sonona, ikiongezwa juu ya ile ya kudhibiti hisia, kweli inawainua. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti uliofanyika Kanada, Korea Kusini na India kwa watu 177 wa kundi hilo, tayari wakiwa wamepata nafuu. Wengine waliachishwa baada ya wiki 8, wengine wakaendelea hadi wiki 52. Sonona iliwarudia asilimia 40 ya walioachishwa, na asilimia 17 ya walioendelea. Mania ikawa kinyume: asilimia 6 kwa walioacha, asilimia 12 kwa walioendelea. Ukijumlisha vipindi vyote, vya juu na vya chini, tofauti ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa ya kutosha kuitangaza ushindi, na mabingwa bado wanabishana. Mimi nasoma hivi: iliyomfaa huyu na haimpandishi, usiwe na pupa ya kumnyang'anya. Iliyompandisha yule, usimrudishie kwa sababu imemfaa huyu. Binamu na mdogo wako wana jina moja la ugonjwa na historia mbili tofauti. Hata aina ya bipola huenda ni tofauti, maana wenye bipola ya pili, ambao wakipanda hawafiki mania kamili, kwa kawaida huvumilia dawa hizi zaidi kuliko wenye ya kwanza. Mdogo wako, kwa ulivyosimulia, alifika mania kamili.

Basi kama si ile, ni ipi? Kabla ya kuongeza kidonge chochote, daktari aangalie kilichopo. Anameza valproeti kila siku au anaruka? Kipimo cha dawa kinatosha? Tezi ya shingo iko sawa? Baada ya kujifungua tezi hii huweza kuyumba, ikalegea, na mtu akaonekana ana sonona kumbe nusu ya tatizo liko shingoni. Damu anayo ya kutosha? Vipimo hivyo vinapatikana hospitali ya rufaa ya mkoa na vinaokoa miezi ya kuhangaika.

Nikikuta yote yako sawa, ningefikiria kwanza kwetiapini. Ina ushahidi mzuri kwa sonona ya bipola, kwa kawaida miligramu 300 usiku, ikipandishwa hatua kwa hatua, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu za bipola. Inaleta usingizi mzito na inaweza kuongeza uzito na sukari, na mdogo wako tayari amekwishaonja hilo kwa olanzapini, kwa hiyo apimwe uzito na sukari tangu siku ya kwanza, asiambiwe tu "utazoea".

Ya pili ni lamotrijini, ambayo nguvu yake iko zaidi katika kuzuia sonona isirudi kuliko kuinyanyua haraka. Hainenepeshi. Tatizo lake ni kwamba lazima ipandishwe polepole mno, maana ikikimbizwa inaweza kuleta upele wa hatari unaobabua ngozi hadi mdomoni na machoni. Na hapa sikiliza vizuri: valproeti huifanya lamotrijini ikae mwilini muda mrefu zaidi, hivyo mtu aliye kwenye valproeti huanza na nusu ya kiwango cha wengine, yaani miligramu 25 siku moja, siku inayofuata hamezi. Upele wowote, aache na aende hospitali siku hiyo.

Ya tatu ni lithiamu, mzee wa dawa zote hizi. John Cade aliandika habari zake Australia mwaka 1949, na hadi leo hakuna dawa ya bipola yenye ushahidi kama wake wa kupunguza vifo vya kujiua. Inataka nidhamu. Damu ipimwe, saa kumi na mbili baada ya kumeza dozi ya mwisho, na kiwango tunachokitafuta kwa matibabu ya muda mrefu ni takriban milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Ikipita 1.5 ni sumu kweli: kutetemeka sana, kuharisha, kuongea kama mlevi. Figo na tezi zichunguzwe mara kwa mara. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu zinamezwa kama karanga, huipandisha kwenye damu, na vivyo hivyo kuharisha na kupungukiwa maji. Maumivu ya kawaida atumie parasetamoli. Na kwa kuwa lithiamu huingia kwenye maziwa kwa wingi kuliko nyingi ya dawa hizi, daktari lazima ajue kama bado ananyonyesha. Pasipo na maabara ya kuipima, mimi siiandiki.

Halafu, cha kushangaza, ipo njia halali ya kuirudisha ile ile fluoksetini. Marekani waliidhinisha mwaka 2003 fluoksetini na olanzapini zikiwa pamoja, mahususi kwa sonona ya bipola. Ndiyo maana nimekataa neno sumu. Bingwa wake anaweza siku moja kuamua kuijaribu hivyo, kwa dozi ndogo, akimwona kila wiki. Kwa mdogo wako isingekuwa chaguo langu la kwanza, kwa ajili ya uzito na kwa ajili ya kilichotokea. Na amitriptilini, dawa nyingine ya sonona iliyojaa kwenye maduka yetu, ningeiweka mbali zaidi. Dawa za kundi lake hupandisha mania kuliko za kundi la fluoksetini, na zikimezwa nyingi kwa pamoja zinasimamisha moyo. Hii mara nyingi huingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, kwa sababu inaandikwa kwa maumivu ya kichwa au ya mishipa bila mtu kuitaja sonona. Kila anapotibiwa popote aseme ana bipola. Prednisoloni ya pumu nayo inaweza kumpandisha. Mirungi pia.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Mdogo wako ana miaka 26 na anameza valproeti. Akishika mimba akiwa juu ya dawa hii, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro ya kimwili, ikiwemo mgongo wazi, na watatu hadi wanne kati ya kumi huchelewa kukua kiakili, kuongea au kutembea. Kwa sababu hiyo nchi za Ulaya zilikaza masharti mwaka 2018: mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi kwa bipola isipokuwa nyingine zimeshindikana na anatumia uzazi wa mpango wa uhakika. Je, kuna aliyemweleza hili? Mara nyingi hakuna. ASIIACHE GHAFLA, maana mania inaweza kurudi kwa kishindo. Lakini wiki hii, siyo mwezi ujao, aende akaulize mambo mawili: naweza kubadilishiwa, na kwa sasa nitumie njia gani ya uzazi wa mpango? Kama atahamia lamotrijini, ataje njia hiyo, kwa sababu vidonge vya majira vyenye estrojeni huishusha lamotrijini kwenye damu. Karbamazepini, dawa nyingine ya kudhibiti hisia, yenyewe huua nguvu ya vidonge vya majira na ya kijiti.

Kuhusu kujiua nitasema wazi. Muulize mdogo wako, kwa maneno ya kawaida, mkiwa wawili: "Umewahi kufikiri bora ufe?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, na hasa akiwa ametaja namna, msimwache peke yake na mwende hospitali leo. Dawa zote za nyumbani, hata za mama za presha, ziwe kwenye kabati lenye kufuli na wewe ndiye unayetoa dozi. Hofu yangu kubwa ni ile hali ya mchanganyiko, ambapo moyo uko chini kabisa lakini mwili una moto, halali, anazunguka chumbani. Mwenye huzuni tupu mara nyingi hana nguvu ya kutenda. Huyu anayo. Dawa ya sonona ikitolewa hapo huchochea.

Na kama ulipokuwa unasubiri jibu mlikuwa mmeshamnunulia, acheni kumpa na mwambieni daktari tarehe ya kidonge cha mwisho. Fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa, kwa hiyo msidhani akipitisha siku tatu salama basi kapona hatari.

Mkienda kliniki, nenda naye na uombe kuingia. Mgonjwa akiwa chini hukumbuka huzuni peke yake, na ile ya juu husahau au huiona ndiyo afya, ndugu ndio wanaoijua. Bebeni maboksi yote ya dawa na daftari lenye mistari michache: amelala kwa muda wa saa ngapi kila usiku, tarehe fluoksetini ilipoanza, tarehe usingizi ulipokatika, tarehe ilipoachwa. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko simulizi ya nusu saa.

Nyumbani kuna dawa moja mnayo tayari. Mtoto wa miezi kumi huamsha mama usiku, na kukatwa usingizi ni moja ya vitu vinavyoanzisha mania kwa urahisi kabisa. Pangeni zamu, wewe na mama, ili yeye apate usiku mzima, alale na kuamka muda ule ule kila siku, hata Jumapili. Mchana mtoeni nje kidogo, asilale mchana kutwa.

La mwisho ni deni la vikoba, maana najua ndilo linalowakosesha usingizi nyinyi wengine. Mwombeni daktari barua inayotaja tarehe alizokuwa mgonjwa na kulazwa, bila lazima ya kutaja jina la ugonjwa, na mwende nayo kwa mwenyekiti wa kikundi kuomba marejesho yapangwe upya. Ila kabla ya kuitoa barua hiyo, mwulizeni yeye kama anakubali, na kama hayuko katika hali ya kujibu sasa, deni lingoje mpaka atakapoweza.